Hewa ya Nyumba ya Kiponda

Salhiya alikuwa na miaka hamsini na nane alipoolewa mara ya pili. Wadogo zake wa Jambiani walipomuuliza kama haoni haya, aliwajibu kwamba haya zake alizimaliza zamani darasani. Kwa miaka thelathini alisomesha darasa la kwanza, akafuta makamasi ya watoto, kisha akafuta ya watoto wa watoto wale wale. Mume wake wa kwanza alikuwa amefariki miaka mingi nyuma. Huyu wa pili, Shamsi, walikutana hospitali, kwenye foleni ya dawa za presha, maana siku yao ya mwezi ilikuwa moja. Mwanzo walisalimiana tu. Halafu Shamsi akaanza kumwekea nafasi kwenye benchi kwa kofia yake, na Salhiya akaanza kuja na vitumbua viwili badala ya kimoja. Mwezi wa saba Shamsi alimuuliza kwa sauti ya chini, huku macho yake yako kwenye dirisha la dawa, ni nani katika jamaa zake anayefaa kupelekewa posa.

Nyumba ya Shamsi ilikuwa Kiponda, mtaa wa mji wa kale, ghorofa ya pili, ngazi nyembamba, kuta nene za mawe. Zamani ilikuwa na madirisha yanayoingiza upepo, lakini nyumba ya jirani iligeuzwa gesti na kuta zake zikapandishwa, na upepo wa upande ule ukakatika. Badala ya upepo palikuwa na kitu ambacho Salhiya hakupata kukiona katika nyumba ya mtu wa kawaida. Chini ya dari, kutoka mwanzo wa ukumbi mpaka chumba cha kulala, yalipita makasha marefu ya bati yenye tundu za wavu. Mashine yake ilikuwa juu ya paa. Ikiwashwa, hewa baridi husafiri ndani ya bati na kushuka katika kila chumba.

"Mafundi tunayaita dakti," Shamsi alimweleza siku ya kwanza alipomwona anayakodolea macho. "Niliyaweka mwenyewe."

Alikuwa fundi bati. Nusu ya umri wake aliimalizia Nungwi na pwani ile ya kaskazini, akining'iniza dakti katika dari za mahoteli. Hoteli moja ilipobomolewa ijengwe upya, mafundi waliruhusiwa kuchukua vilivyotolewa, naye akaleta bati zake mjini, akaziunga kipande baada ya kipande kwa ajili ya mkewe Mashavu, ambaye joto lilikuwa likimtesa. Mashavu alifariki miaka minne iliyopita kwa maradhi ya kifua. Salhiya hakujua zaidi ya hayo. Jina lile Shamsi alilitaja mara moja tu, kisha akaenda kutafuta miwani iliyokuwa imo mfukoni mwake.

Harusi yao ilikuwa ya watu kumi na biriani. Ilikuwa Januari, na joto la kaskazi lilikuwa limekaa juu ya mji kama sufuria iliyofunikwa. Siku ya tano Salhiya, jasho likimtiririka mgongoni, aliuliza bila ya kudhamiria lolote, "Bwana Shamsi, AC hii imeharibika?"

Shamsi aliinua macho kwenye bati. "Haijaharibika. Haijawashwa siku nyingi tu."

Alipanda juu ya paa, akakaa huko muda mrefu, na aliposhuka hewa baridi ilianza kutoka. Salhiya alisimama chini ya tundu la chumbani, akainua uso, akafumba macho. Katika hewa ile aliisikia harufu nyembamba ya udi. Akasema moyoni: huyo ni marehemu. Alikuwa akifukiza udi nyumba hii, na harufu yake imebaki humo ndani ya bati. Hakuona wivu. Alijiona kama mtu aliyeingia chumba cha mwenzake bila ya kubisha hodi.

Wiki ya tatu alianza kukohoa.

Kilikuwa kikohozi kikavu, kinachomjia akiingia chumbani na kumwacha akitoka. Alikificha kama anavyoficha mtoto wa shule peremende. Akienda jikoni akasingizia pilipili. Akipanda paani kuanika nguo akakaa huko mpaka kifua kitulie. Lakini Shamsi alikuwa anasikia, na kila Salhiya alipokohoa uso wake ulibadilika rangi. Alimchemshia tangawizi, akamletea asali ya Pemba, na siku moja akaizima mashine, akasema umeme ni mdogo. Kikohozi kikapungua, lakini joto likarudi, na Salhiya akawa hapati usingizi. Shamsi alipomwona macho yamemvimba aliiwasha tena. Kikohozi kikarudi.

Aliyetoa fikra ya fundi ni Faiza, mwenye gesti ile ya jirani, mwanamke mwenye maneno mengi na moyo mzuri.

"Bi Salhiya, hizo dakti zenu zinataka kusafishwa," alisema walipokutana mlangoni. "Kwangu huja watu wa kampuni moja, wana mashine ya kufyonza na mabrashi marefu. Bwana Mcha ndiye fundi wao. Chukua nambari yake."

Salhiya aliikunja karatasi ile katika pindo la kanga. Mchana, walipokuwa wanakula wali na mchuzi wa changu, aliitoa.

"Faiza kanipa nambari ya watu wanaosafisha dakti. Tuwaite waje watazame?"

Shamsi aliweka chini tonge alilokuwa nalo mkononi. "Hapana."

Tangu waoane hajapata kumwambia hapana. Hata yeye alionekana kushtuka kwa neno lile. Akaongeza kwa upole, "Watu hao, Mwalimu, wengi wao wanauza hofu. Wanakuonesha picha ya uchafu wa nyumba nyengine, wakakwambia ni wako. Mimi kazi hii naijua."

"Basi tazama wewe."

Shamsi alinawa mkono ilhali sahani yake imejaa, na baada ya kitambo akasema, "Tuhamie Jambiani. Kwenu kuna hewa. Nyumba hii tutaipangisha."

Maneno hayo Salhiya aliyazungusha kichwani siku nzima. Mzee wa miaka sitini na sita, aliyezaliwa Kiponda, anayejua kila baraza na kila mwenye baraza, yuko tayari kuhama mji kuliko kufungua kasha la bati. Alipata jibu moja tu. Ndani ya bati ile kuna harufu ya Mashavu, na mumewe hataki mkono wa mtu uifute. Basi na iwe hivyo, alisema. Hakuja katika nyumba hii kumtoa mtu. Lakini na kifua ni chake, na kimechoka.

Asubuhi ya Jumatano alitia nguo tatu katika mkoba, akamwambia Shamsi kwamba anakwenda kwa mdogo wake Jambiani kupumzika siku mbili tatu. Alisema kweli, hakuwa na nia nyengine. Lakini Shamsi aliutazama mkoba ule kama anayeutambua.

"Nikuchukulie," alisema.

Alitangulia kushuka ngazi, mkono mmoja ukutani kwa sababu ya magoti, mkoba kifuani. Walipofika chini alitia mkono kwenye komeo la mlango. Hakulivuta. Alisimama hapo, amempa mgongo mkewe, na Salhiya akaona mabega yanatikisika.

"Bwana Shamsi."

"Naam."

"Geuka."

Hakugeuka. Alisema na mlango. "Ukienda hutorudi, na haki unayo. Nimekuleta katika nyumba yenye maradhi na sikukwambia."

"Maradhi gani?"

Hapo ndipo yalipomtoka. Mashavu alikohoa mwaka mzima kabla ya kufa. Daktari alisema ni moyo, maji yanapanda kwenye mapafu. Shamsi aliitika, akashukuru, akazika. Lakini siku ya arubaini alikaa peke yake ukumbini, akainua macho, akayaona makasha yake ya bati, na fikra ikamwingia isimtoke tena. Yeye fundi. Yeye ajuaye kwamba bati ikishika maji ndani huota ukungu, na ukungu huo huvutwa na mtu. Mwaka ule alikuwa akienda Nungwi alfajiri na kurudi magharibi, na dakti ya kwake mwenyewe hakuifungua hata siku moja. Alizima mashine, na kwa miaka minne hakuthubutu kutazama.

"Uliponiuliza habari ya AC, nikasema huu ni wasiwasi wangu tu," alisema. "Daktari kasema moyo, basi ni moyo. Halafu na wewe ukaanza. Kikohozi kile kile, Mwalimu. Chumba kile kile. Nikijaribu kupanda ngazi nifungue, miguu inakataa. Nnaogopa nitakachokiona. Nikikuta ukungu, nitakuwa nimemuua kwa mikono yangu."

Salhiya alimshika mkono, akamkalisha kwenye kidato cha chini, naye akakaa ubavuni kwake, mkoba ukabaki miguuni pao. Alimpapasa mgongo mpaka pumzi za mumewe ziliporudi mahali pake.

"Na mimi nilidhani unamhifadhi," alisema mwisho. "Nilidhani hutaki harufu yake itolewe."

"Harufu gani?"

"Ya udi. Ikiwashwa mashine nnaisikia."

Shamsi alimtazama, macho bado mekundu. "Mashavu hakuwa akichoma udi. Ulikuwa ukimuumiza kichwa. Hiyo ni ya Faiza, anawafukizia wageni. Mashine inavuta hewa ya paani kwake."

Salhiya alijizuia, kisha akashindwa, akacheka. Mwezi mzima amemheshimu marehemu kwa udi wa gesti. Shamsi naye akacheka kidogo, kicheko chenye machozi ndani yake, na Salhiya akajua kwamba safari ya Jambiani leo haipo.

Walipanda tena juu. Salhiya alivua buibui, akafunga kanga kiunoni.

"Nambie wewe fundi," alisema. "Mtu atajuaje kama dakti inataka kusafishwa, au anauziwa hofu?"

Shamsi alijibu kama mtu anayejibu suali la mtihani. "Ikiwa kavu na safi, kuisafisha ni kujitafutia vumbi la bure. Unaita watu ukiona ukungu, au mnyama ameingia, au vumbi linatoka tunduni. Ukiona kimoja katika hivyo."

"Basi patazamwe."

"Siwezi."

"Sijakwambia wewe. Lete ngazi unishikilie."

Aliileta. Alimshikilia kwa mikono miwili, uso wake ameuelekeza ukutani, na kutoka ukutani akamwelekeza: skrubu nne, aanze na za chini, ya mwisho aishike isimwangukie. Salhiya, aliyepanda minazi alipokuwa msichana na kusutwa na shangazi zake wote, alipanda vidato vitano akafungua wavu wa tundu la chumbani. Akawasha taa ya simu, akatia kichwa.

Kwanza aliona vumbi, la kijivu, limelala kama blanketi. Halafu manyoya ya njiwa. Kisha mwanga ukafika kwenye kona, pale kasha linapopinda kuelekea paani, na hapo kitambaa kilichobandikwa ndani ya bati kilikuwa na madoa meusi, makubwa, yameshikana. Harufu yake ilikuwa ya nguo iliyosahauliwa ndooni.

Ingekuwa rahisi kusema pasafi. Angeshuka, angezirudisha skrubu, mumewe angelala usiku ule kwa raha. Lakini alikumbuka watoto wa darasa la kwanza, jinsi wanavyojua wakidanganywa, na jinsi wanavyokaa mbali nawe baadaye.

"Mwalimu? Kuna nini?"

"Kuna vumbi na manyoya," alisema. "Na kwenye kona kuna ukungu."

Ngazi ilitikisika. Alishuka haraka, akaishika mikono ya Shamsi kabla haijaachia.

"Nazing'oa," alisema Shamsi. "Leo hii. Zote nikazitupe."

"Hutong'oa kitu leo. Mikono hii itajikata. Aje mtu anayeijua kazi na asiyekuwa na kidonda ndani yake, atwambie la kusafisha ni lipi na la kutupa ni lipi. Tukimuona muongo, wewe utamjua kabla yangu. Umekubali?"

Shamsi aliikunja ngazi, akaiegemeza ukutani. Halafu alisema, "Mwite. Na mimi nampigia Muzdalifa aje. Ana haki ya kujua."

Muzdalifa alikuwa mwanawe wa pekee, mtoto wa Mashavu, ameolewa Mangapwani. Alifika asubuhi ya pili yake wakati mmoja na Mcha, wakakutana mlangoni. "Shikamoo, mama," alimwambia Salhiya, akambusu mkono, na macho yake yakamuuliza kuna nini. Salhiya alijibu marahaba, akamwambia, "Baba yako atakwambia mwenyewe."

Mcha alikuwa mtu mfupi, makini, asiyesema sana. Hakutoa picha wala karatasi. Alitia kamera ndogo yenye waya mrefu katika kila tundu, akagonga bati kwa kidole, akapanda paani, akashuka.

"Ukumbini na chumba cha pili ni vumbi tu," alisema. "Hiyo tunaifyonza, inatosha. Chumbani, kile kitambaa cha ndani cha kuhifadhi ubaridi kimeshika maji. Hicho hakisafishiki, kinatolewa kinatupwa. Na paani bomba la tangi linavuja juu ya maungio. Hilo litengenezwe kwanza. Bila hilo msinipe kazi, maana mwakani mtaniita tena." Akasita, akatazama juu. "Lakini bati hii nani aliyeiunga? Mkono wake mzuri. Siku hizi hatuoni kazi kama hii."

Shamsi alikuwa amekaa kwenye kiti cha ukumbini, mikono juu ya magoti. Aliuliza, "Ukungu ule una umri gani?"

"Siwezi kujua, mzee."

"Sema ukadirie."

"Yaweza kuwa mwaka mmoja. Yaweza kuwa mitano. Atakayekwambia zaidi ya hapo anakudanganya."

Muzdalifa alimtazama baba yake, kisha akautazama mlango wa chumba cha kulala, na Salhiya akaona jinsi alivyofahamu, kidogo kidogo, bila ya kuambiwa. Alikwenda akapiga magoti mbele ya kiti.

"Baba, jambo hili umekaa nalo miaka minne?"

Shamsi aliitika kwa kichwa.

"Mimi nilikuwepo kwa daktari. Moyo wake ulikuwa umetanuka, nilioneshwa picha. Wewe ulisimama pembeni, hukusikia kitu siku ile. Ukitaka kumkatalia daktari, mkatalie. Lakini mama usimkatalie." Alinyoosha kidole mlangoni. "Unakumbuka kabla ya bati hizi alikuwa analala wapi? Kwenye saruji, pale mlangoni, na kanga mbichi mwilini. Siku ulipoiwasha mara ya kwanza alikaa chini ya lile tundu akacheka kama mtoto. Aliniambia mwenyewe, hajapata raha duniani kama ya chumba kile. Kama umekosea kutofungua, umekosea. Mimi nshakusamehe, na yeye nnajua kakusamehe."

Shamsi aliinama mpaka paji lake likagusa kichwa cha binti yake, akalia waziwazi, kwa sauti, kama ambavyo hakulia siku ya maziko. Mcha aliokota waya wake, akajitia kazini paani. Salhiya alikwenda jikoni kutia maji ya chai motoni, maana aliona hapo ukumbini pana watu wawili wanaotosheana. Lakini haikupita dakika mbili Muzdalifa alimwita.

"Mama Salhiya, njoo ukae na sisi."

Akaenda, akakaa.

Kazi ilichukua siku mbili. Bomba lilitengenezwa kwanza, kama alivyotaka Mcha. Kitambaa chenye ukungu kilitolewa katika mifuko iliyofungwa barabara, na kipande cha bati kilichoshika kutu Shamsi alikitengeneza upya kwa mkono wake, akiwa amekaa sakafuni na mkasi wa bati, miwani puani. Mcha akachutama kando anamtazama, na kabla ya saa sita mafundi wawili wale walikuwa wanabishana kwa raha kuhusu namna ya kukunja ncha.

Salhiya alikwenda na kwa daktari wa kifua, kwa sababu Shamsi alimshikilia aende. Akaambiwa kifua chake hakipendi vumbi, akapewa dawa ya kuvuta. Kikohozi hakikuisha siku moja. Kilipungua wiki baada ya wiki, na mvua za masika zilipoanza kilikuwa kinamjia siku za kufagia tu.

Shamsi hakupona siku moja vilevile. Ziko siku aliamka kimya, akautazama ukuta. Salhiya hakumwambia asifikiri. Alimwacha, akakaa karibu na kazi yake ya kushona mikononi.

Mchana mmoja wa siku kama hizo, mvua inapiga juu ya paa na ukumbi umepoa wenyewe, alitia uzi kwenye sindano, akamuuliza, "Mashavu alikuwa akipenda kula nini?"

Shamsi aligeuza kichwa polepole. Alimtazama kama mtu aliyeulizwa habari za mgeni aliye njiani.

"Muhogo wa nazi," alisema. "Lakini mwenye kumpikia vibaya alikuwa anamkasirikia wiki nzima. Siku moja mama yangu, Mungu amrehemu, alisahau chumvi..."

Akaanza kusimulia. Habari ya chumvi ikazaa habari ya mama yake, na hiyo ikazaa ya harusi yake na Mashavu, iliyonyeshewa mvua kule mtaa wa Malindi, bibi harusi kabebwa mgongoni na shemeji yake kuvuka dimbwi. Salhiya aliiweka sindano chini, akacheka, akauliza shemeji yupi, na Shamsi akavuta kiti chake karibu ili amwoneshe kwa mikono namna bibi harusi alivyoshikilia viatu vyake juu.